Aibu ya Maiti Aijuaye Mwosha: Deni, Siri na Maadili ya Tarakilishi

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kulijadili swali moja la kimaadili ambalo, kwa maoni yetu, limeachiwa wanasheria na wataalamu wa tarakilishi peke yao ilhali mizizi yake imo katika lugha na fasihi. Swali lenyewe ni hili: ni lini kuitoa siri ya mtu huwa ni kusema ukweli tu, na ni lini huwa ni usaliti? Tutalichunguza kwa kutumia mfano wa deni, kwa sababu deni ni jambo ambalo jamii nyingi za Afrika Mashariki hulitangaza na kulificha kwa wakati mmoja. Anayekopa hunong'ona, anayedai, siku zikipita, hupaza sauti. Methali yetu husema kukopa harusi, kulipa matanga. Methali hii inalitaja deni kwa shughuli mbili ambazo zote hufanywa mbele ya watu. Hatuna budi kujiuliza, basi, iwapo deni ni siri hata kidogo.

Swali hili si la kinadharia tu. Tangu huduma ya M-Pesa ianzishwe nchini Kenya mwezi Machi mwaka 2007, na hasa baada ya mikopo ya simu kuenea katika mwongo uliofuata, deni limeingia katika chombo ambacho mtu hulala nacho. Katika maeneo ya Kitale na Bungoma, ambako mahindi hupandwa baada ya mvua za Machi na huvunwa kuelekea mwisho wa mwaka, mkulima huhitaji mbegu na mbolea miezi mingi kabla ya kuona senti ya mavuno. Pengo hilo zamani lilizibwa na jirani, chama cha ushirika au mwenye duka. Siku hizi mara nyingi huzibwa na programu ndani ya simu.

Kisa cha Kiminini

Mwaka 2021, ndugu yetu mmoja wa ukoo anayelima karibu na Kiminini, kwenye barabara itokayo Kitale kuelekea Webuye, alikopa fedha za mbolea kupitia programu ya namna hiyo. Kampuni iliyomkopesha hatutaitaja. Fedha hazikuwa nyingi, na muda wa kulipa ulikuwa wiki chache. Mahindi, kama ajuavyo kila mkulima, hayakomai kwa wiki chache. Siku ya kulipa ilipopita, mwandishi wa makala haya alipigiwa simu na kijana mwenye sauti ya adabu mwanzoni, akaulizwa kama anamfahamu fulani, kisha akaambiwa kwamba fulani ni mwizi na kwamba amshauri alipe. Simu kama hiyo waliipokea pia fundi wake wa baiskeli, kasisi wake na mwalimu wa mwanawe. Aliipokea pia mama mkwe wake, kule karibu na Chwele.

Msomaji asiyewafahamu Wabukusu huenda asitambue uzito wa simu hiyo ya mwisho. Kati ya mwanamume na mama mkwe wake kuna heshima iliyojengwa kwa kutengana. Hawaketi pamoja, hawali pamoja, na wakikaribia kukutana njiani mmoja hupisha. Maneno machache yanayopita baina yao hupitia kinywa cha mtu wa tatu. Uhusiano huo, kwa hiyo, umetunzwa kwa miaka mingi kwa kuchagua kwa makini nini kisemwe na nini kisisemwe. Kijana yule wa simu aliuvunja kwa dakika mbili. Ndugu yetu alipomaliza kulipa, alituambia kauli moja ambayo ndiyo iliyotusukuma kuandika: "Deni nililikopa mimi, lakini aibu wamempa mama."

Tunaona kwamba katika kauli hiyo mna hoja nzima ya kifalsafa. Mdaiwa hakukana deni. Hakusema kwamba alisingiziwa. Alichokilalamikia si uongo bali ukweli uliopelekwa mahali pasipo pake.

Hoja ya Mkopeshaji

Kabla ya kumhukumu mkopeshaji, haki inatutaka tumpe nafasi ya kujitetea, tena kwa hoja zake bora. Anaweza kusema hivi: jamii zenu wenyewe hazikuwahi kulifanya deni kuwa siri. Miongoni mwa Waluhya, siku chache baada ya mazishi, wakati wa shughuli ya kunyoa nywele, wazee huketi na waombolezaji, na madeni ya marehemu hutajwa hadharani. Anayemdai marehemu husimama akasema. Anayedaiwa na marehemu hutakiwa kusema pia. Hakuna anayelalamika kwamba faragha ya maiti imevunjwa. Isitoshe, Kiswahili chenyewe kina methali isemayo mficha uchi hazai. Iwapo aibu ndiyo iliyokuwa dhamana ya mkopo tangu jadi, mkopeshaji wa leo amefanya kosa gani kwa kuitumia dhamana hiyo hiyo kupitia chombo kipya?

Hoja hii ina nguvu, na wale wanaoijibu kwa kusema tu kwamba faragha ni haki ya binadamu hawajaijibu. Ni kweli kwamba Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inailinda faragha katika kifungu cha 31, na kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ilipitishwa mwaka 2019. Lakini sheria hutuambia nini kimekatazwa. Haitueleze kila mara kwa nini kitendo ni kibaya. Aidha, tukikimbilia kusema kwamba faragha ni wazo la kigeni lisilo na nafasi katika utu wa Kiafrika, tutakuwa tumemkabidhi mkopeshaji ushindi bila mashindano. Inatupasa kuulinganisha mkutano wa matanga na simu ya mdai kipengele kwa kipengele.

Matanga na Simu

Kwanza, tumtazame msemaji. Katika matanga, anayedai husimama mwenyewe. Uso wake unaonekana, ukoo wake unajulikana, na akisema uongo atabaki kuishi na waliomsikia. Kijana wa simu hana uso wala ukoo. Hata jina analolitaja huenda si lake. Anaweza kuaibisha bila yeye mwenyewe kuweza kuaibishwa.

Pili, tuwatazame wasikilizaji. Wanaosikia deni matangani ni watu wenye wajibu nalo: warithi, ndugu, wazee watakaoamua, na mashahidi watakaokumbuka. Fundi wa baiskeli na mama mkwe hawana wajibu wowote katika deni la mbolea. Wameambiwa kwa sababu moja tu, kwamba maumivu ya mdaiwa yatakuwa makali zaidi wao wakijua.

Tatu, ipo nafasi ya kujibu. Matangani, dai linaweza kupingwa, kupunguzwa au kusamehewa. Tusiyapambe matanga kupita kiasi, kwani wapo wajane waliobebeshwa madeni ya kubuni na watu wenye tamaa. Hata hivyo, ubaya huo hutambulika kuwa ni ubaya papo hapo, na wapo wa kuukemea. Simu hukatwa kabla ya jibu.

Nne, na hili ndilo kubwa, ni lengo. Madeni hutajwa matangani ili yafungwe, yaani wafiwa wasifuatwe tena baadaye na wadai wa gizani. Ufichuzi huo ni wa kumsitiri mjane. Ufichuzi wa simu ni wa kumvua nguo mdaiwa, na hauna siku ya kufungwa.

Mwanafalsafa Helen Nissenbaum, ambaye kitabu chake kuhusu faragha na muktadha kilitoka mwaka 2010, anashikilia kwamba faragha haivunjwi kwa sababu habari imetoka, bali kwa sababu imetiririka kinyume cha kaida za muktadha ilimotolewa. Tunaafikiana naye. Tunaongeza kwamba lugha yetu ilikuwa na vifaa vya kulisema jambo hilo kabla ya mjadala wa tarakilishi kuzuka.

Kuficha na Kusitiri

Tuchunguze maneno. Kiswahili hutofautisha kuficha na kusitiri. Mtu huweza kujificha kwa hofu au kwa hila. Mwizi huficha alichoiba. Kusitiri, neno lenye asili ya Kiarabu na maana ya kufunika, kwa kawaida ni kitendo cha hisani kinachoelekezwa kwa mwingine. Tunamsitiri mgeni, tunamsitiri maiti, tunaisitiri aibu ya jirani. Kinyume cha kusitiri si kusema ukweli, ni kuadhiri. Kwa hiyo, methali isemayo mficha uchi hazai haimtetei mkopeshaji. Inamhimiza mwenye uchi auonyeshe mwenyewe kwa anayeweza kumsaidia, yaani mkunga au mganga. Haimruhusu mkunga kwenda kuutangaza sokoni.

Fasihi yetu inaitambua tofauti hiyo. Katika Siku Njema (1996) ya Ken Walibora, mwandishi aliyezaliwa Bungoma na kukulia upande wa Kitale, mhusika mkuu anatusimulia kwa nafsi ya kwanza habari za kulelewa bila baba na matusi yaliyofuatana na hali hiyo. Wanaomtupia aibu hiyo utotoni wanatamka jambo lile lile analotutamkia yeye mwenyewe akiwa msimulizi. Ukweli ni mmoja, lakini katika vinywa vyao unamdhalilisha na katika kinywa chake unamjenga. Mhakiki anayejua kuuliza "nani anasimulia, na anamsimulia nani?" tayari ana nusu ya maadili ya data mkononi mwake.

Mwosha na Anachokiona

Itasemwa kwamba mkopeshaji hana budi kujua. Hawezi kumkopesha mtu asiyemfahamu bila kupima uwezo wake wa kulipa. Hapa ndipo methali iliyobeba anwani ya makala haya inapotufaa: aibu ya maiti aijuaye mwosha. Mwosha huona, kwa sababu hawezi kuosha akiwa amefumba macho. Haki yake ya kuona inatokana na kazi yake, na inakoma pale kazi inapokoma. Akitoka nje akasimulia alichokiona, hatumwambii kwamba amesema uongo. Tunamwambia kwamba amevunja amana. Hiki ndicho kipimo cha kwanza tunachokipendekeza: anayepewa kuona kwa sababu ya kazi amepewa amana, hakupewa mali.

Utafiti wa tarakilishi, hata hivyo, umetusogeza mbele ya mwosha. Mwaka 1985, Shafi Goldwasser, Silvio Micali na Charles Rackoff walionyesha kwamba inawezekana mtu kumthibitishia mwenziwe kuwa jambo fulani ni kweli bila kumfunulia chochote zaidi ya kwamba ni kweli. Mwaka 2009, Craig Gentry alionyesha njia ya kufanya hesabu za kila aina juu ya habari zilizofungwa kwa msimbo bila kuzifungua kwanza. Kwa lugha nyepesi, ni kama kuwepo kwa mwosha anayeweza kuosha vizuri bila kuona. Mbinu hizi bado zinahitaji nguvu nyingi za mashine, na hatudai kwamba kila kampuni ya mikopo ingeweza kuzitumia. Lakini kuwezekana kwake kunabadilisha hoja. Zamani mkopeshaji angeweza kusema, "nimeona kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine." Sasa, kila utafiti unapopiga hatua, kuona kunazidi kuwa uamuzi badala ya lazima, na kila uamuzi una mwenyewe wa kuulizwa.

Tena, orodha ya majina ya watu walio katika simu haikuhitaji hata utafiti huo. Kanuni za wakopeshaji wa kidijitali zilizotolewa nchini Kenya mwaka 2022 zilikataza kuwatumia ujumbe watu walio katika orodha ya mdaiwa anapochelewa kulipa. Mwaka 2023, kampuni ya Google nayo ilizizuia programu za mikopo zilizo katika duka lake zisifikie orodha za majina na picha za watumiaji. Mwezi Septemba mwaka huo huo, Kamishna wa Data alimtoza mkopeshaji mmoja faini ya shilingi 2,975,000. Ukopeshaji haukufa kwa sababu ya makatazo hayo. Basi ile orodha haikuwa sharti la kukopesha, ilikuwa kiboko.

Fumbo na Wakati

Kuna upande mwingine wa jambo hili ambao wahakiki wa ushairi wataufahamu upesi. Mwanaisimu Mholanzi Auguste Kerckhoffs aliandika mwaka 1883 kwamba msimbo mzuri ni ule unaobaki salama hata adui akijua namna unavyofanya kazi, mradi hana ufunguo. Hiyo ndiyo sifa ya fumbo katika ushairi wa Kiswahili. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi takriban kati ya 1776 na 1840, alitunga mafumbo ya kisiasa yaliyosomwa mbele ya kila mtu. Kila msikilizaji alijua kuwa ni fumbo, na alijua kaida za bahari na vina. Alichokosa mgeni ni ufunguo, yaani kujua nani amemfanyia nani nini mjini. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataligangua.

Lakini ufunguo wa Muyaka ulikuwa katika watu, na watu walipokufa baadhi ya mafumbo yake yalizidi kujifunga. Leo tunahitaji maelezo marefu ili kuyafungua. Msimbo wa tarakilishi unaelekea upande ulio kinyume: uliofungwa leo unaweza kufunguka kesho. Mwaka 1994, Peter Shor alionyesha kwamba tarakilishi ya kikwanta, ikipatikana yenye uwezo wa kutosha, ingeweza kuivunja misimbo inayolinda sehemu kubwa ya mawasiliano ya dunia. Kwa hofu hiyo, taasisi ya viwango ya Marekani ilitoa mwezi Agosti 2024 viwango vitatu vya kwanza vya misimbo iliyokusudiwa kuhimili mashine hizo. Wataalamu wanaonya kwamba yupo anayeweza kukusanya leo habari zilizofungwa na kuzihifadhi, akingojea siku ya kuzifungua.

Maana yake kimaadili ni nzito. Deni la matangani husahaulika. Waliolisikia huzeeka, na msamaha hupata nafasi. Deni lililoandikwa katika tarakilishi halizeeki. Mtoto wa ndugu yetu wa Kiminini huenda akafika umri wa kuoa na kukuta kwamba kuchelewa kwa baba yake katika msimu mmoja wa mbolea bado kumeandikwa mahali fulani. Kusahau, ambako tumezoea kukuona kuwa udhaifu wa simulizi ikilinganishwa na maandishi, kumbe kulikuwa sehemu ya huruma yake.

Kidole Kinachotuelekea

Ingekuwa rahisi kuishia hapa, tukiwa tumemweka mkopeshaji kizimbani na sisi tukiwa mashahidi. Kuna mambo mawili yanayotuzuia.

Jambo la kwanza linamhusu mdaiwa mwenyewe. Alipobonyeza neno "Kubali" katika programu ile, aliruhusu isomwe orodha yenye majina na nambari zetu. Nambari yetu tulimpa yeye, hatukuipa kampuni. Alikubali kwa niaba ya mama mkwe, ambaye hakuulizwa. Tunaweza kumtetea kwamba maandishi ya idhini yalikuwa marefu, kwa Kiingereza cha kisheria, na kwamba mvua ilikuwa imekwisha kunyesha. Utetezi huo unapunguza lawama, hauifuti. Simu ya kila mmoja wetu ni nyumba ya amana za wengine, na wengi wetu tunaiacha mlango wazi.

Jambo la pili linamhusu mwandishi. Miaka michache iliyopita, wakati wa kusajili wanafunzi kwa mtihani, tulipokea orodha ya wasiomaliza karo, na bila kufikiri sana tukaituma katika kundi la mawasiliano la darasa zima, majina na kiasi cha deni la kila mmoja vikionekana. Nia ilikuwa kuwahimiza. Msichana mmoja hakurudi darasani kwa wiki mbili. Aliporudi hakusema neno, nasi hatukumwomba radhi, kwani wakati huo hatukuona kosa. Tuliliona siku tuliyompigia simu ndugu yetu kumpa pole kwa yaliyomfika, tukasikia katika maneno yetu wenyewe hukumu yetu. Tulikuwa mwosha aliyetoka nje akasimulia. Hatukuwa na programu ya hila wala faida ya kibiashara. Tulikuwa na orodha, simu, na mazoea ya kudhani kwamba aliye chini yetu hana sitara.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba ufichuzi na usaliti havitofautishwi kwa kuuliza kama habari ni ya kweli, wala kama jamii iliwahi kuitaja habari ya aina hiyo hadharani. Hutofautishwa kwa maswali manne: nani anasema, anawaambia nani, aliyetajwa ana nafasi gani ya kujibu, na jambo litafungwa lini. Kwa maswali hayo, matanga ya Bungoma yanapita ingawa si bila dosari, na simu iliyopigwa Chwele inaanguka. Orodha yetu ya karo nayo inaanguka.

Aidha, tumedai kwamba maendeleo ya utafiti wa tarakilishi hayalegezi wajibu wa kimaadili bali yanaukaza, kwa kuwa yanapunguza visingizio. Katika Bungoma hiyo hiyo, Chuo Kikuu cha Kibabii kinafundisha taaluma ya tarakilishi kwa vijana ambao baadhi yao wataandika programu za kesho. Ni mategemeo yetu kwamba mmoja wao, anapofikia mstari wa programu unaoomba ruhusa ya kusoma orodha ya majina, atajiuliza kama kazi yake inahitaji kuona. Na ni wajibu wetu, tunaofundisha fasihi, kuhakikisha kwamba neno kusitiri bado limo katika msamiati wake siku hiyo.

Kuhusu yule msichana, alihitimu. Tulimtafuta mwaka jana, tukamwomba radhi mbele ya mtu mmoja tu, ambaye ni yeye. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama ile orodha bado imo katika simu za wenzake. Hatukuwa na jibu la kumpa.